Nilikwenda Kupalilia Kaburi la Shiru

Ndugu zangu wa jumuiya, na nyinyi wenzangu wa Ngara, mmeniuliza mara nyingi kulikuwaje huko Uskoti, nami najibu "kulikuwa na baridi" halafu nanyamaza. Si kiburi. Nikianza kusema mbele ya watu koo hukauka. Basi nimeandika. Mambo ya viza na tikiti sitayagusa. Yalinichosha mara moja na inatosha.

Mnajua kwamba binti yangu Wanjiru, tuliyemwita Shiru, alifariki mwaka jana huko alikokuwa muuguzi, na kwamba alizikwa huko huko kwa sababu yeye mwenyewe alitaka hivyo. Mazishi tuliyaona kwenye simu, sebuleni kwetu Uthiru. Ambaye hakuwepo nimweleze tulichoona. Tuliona miti. Tukaona jeneza lililosukwa kwa vijiti, kama kikapu. Tukaona watu wachache wenye makoti wakilishusha katikati ya majani. Hapakuwa na msalaba. Kisha mtandao ukakatika.

Mama Shiru alisema neno moja tu: "Wamemtupa."

Wengi wenu mmesimuliwa na wazee. Kabla ya kanisa, watu wetu wengi hawakuzikwa. Walipelekwa kichakani na fisi wakamaliza kazi. Nyanya yake mke wangu aliyaona hayo kwa macho yake. Kwa hiyo msitu na kikapu, kwa mke wangu, havikuwa mazishi. Na mumewe Shiru, Ewan, ambaye hatukuwahi kuonana naye ana kwa ana, mke wangu hakumtaja kwa jina tena. Akawa "yule Mzungu".

Siku ya kuondoka alinifungia mizizi ya nduma iliyochemshwa kwenye karatasi ya fedha, akanishika mkono wa koti.

"Baba Shiru, nenda uone. Kama ametupwa, uniambie ametupwa. Wengine watanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Wewe huwezi."

"Nitakuambia."

"Na ukipata pamemea majani, ulime. Pawe kama pa watu."

Nikasema sawa. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu, na nilikata shauri kwamba sitarudi bila kuimaliza.

Ngara

Nilipitia dukani kwanza. Duka langu la vitasa na bawaba mnalijua. Jirani yangu Bhavesh, anayeuza rangi, alikuwa amesimama mlangoni pangu na koti zito mkononi kama anayesubiri mteja.

"Hii ni ya babangu," akasema. "Alinunua akienda London, akavaa mara moja, akarudi akasema baridi ya huko ni ya wendawazimu. Vaa."

Nikavaa. Mikono ilizidi vidole.

"Umekuwa kama kunguru," akasema. "Lakini kunguru hasikii baridi."

Akakiona kijembe kidogo kikichungulia kwenye begi. Ni kile cha mpini mfupi ninachopalilia mboga za sukuma nyumbani. Nilikuwa nimekisugua kwa mchanga mpaka kikang'aa, kwa sababu niliambiwa huko hawataki hata punje ya udongo wa watu wengine. Bhavesh alikitazama, asicheke.

"Sisi babangu tulimchoma," akasema. "Majivu tukayapeleka mtoni. Wakati mwingine natamani mahali pa kulima."

Nikamwambia atazame duka.

Njiani, mahali pasiposogea

Teksi tuliyoiita kwa simu tangu nyumbani iliendeshwa na kijana anayeitwa Kevo. Tulipofika barabara ya uwanja wa ndege magari yakasimama, yakakaa, mpaka wauza karanga wakawa wanatujua kwa sura. Nilianza kutazama saa.

"Mzee, wacha kuangalia saa, unaiharakisha," Kevo akasema. "Tutafika. Unaenda majuu kutembea?"

"Kulima."

"Kulima!" Akagonga usukani. "Wazee wa Uthiru nyinyi ni moto. Shamba ziliisha huku mkaamua kuhamia kwa wazungu? Wao walichukua yetu, sasa mnarudisha!"

"Ni kaburi la binti yangu. Naenda kulipalilia."

Akazima redio. Kisha tukapata upenyo. Hapo akapanda ukingo wa barabara, jambo ambalo sitalisifu, na tukafika. Alinibebea begi hadi mlangoni, akaniambia, "Ulime poa, Mzee."

Pale mlangoni begi likapita kwenye mashine na dada mmoja mwenye sare akaniita kando.

"Mzee, hii chuma ni ya nini?"

"Ni kijembe."

"Kwani huko unaenda hawana jembe?"

"Sijui. Sijawahi kufika."

Akamwita mwenzake. Mwenzake akakiona, akamwambia, "Si kinaenda chini na mizigo? Acha huyu guka aende. Hata mimi babangu hawezi kulima na jembe ya mtu." Wakacheka. Nilicheka pia, kwa adabu, lakini jasho lilikuwa limenitoka ndani ya lile koti.

Jangwani

Tuliteremka katika mji wa jangwani kubadilisha ndege, na ndege ya pili ikachelewa. Hapo sina mengi. Niliogopa kulala nisije nikaachwa, basi nikasimama karibu na mlango wa kuingilia mpaka mfanyakazi mmoja akanijia akidhani mimi ni mgonjwa. Nilimwambia ninangoja tu. Akaniletea kiti. Nilikula nduma moja na kuzibakiza nyingine, nikijiambia kwamba huko niendako sijui watu wanakula saa ngapi.

Treni na mti ulioanguka

Kutoka Edinburgh nilipanda treni ya kwenda kaskazini. Ewan alikuwa amenitumia ujumbe wa kila hatua, na nilikuwa nikimwonyesha kila mtu mwenye kofia ya kazi. Nje palikuwa na kondoo wengi kuliko watu. Mwezi wa nne kwao ndio kwanza miti inaanza kuota majani. Mingine ilikuwa mitupu kama imechomwa, na nilihuzunika kuiona mpaka nilipoambiwa kwamba iko hai.

Katikati ya mashamba treni ikasimama. Sauti ikatangaza jambo ambalo sikulielewa. Hakuna aliyelalamika. Hakuna aliyepiga simu kwa sauti ya juu. Huku kwetu tungekuwa tayari tumeshuka, tumemzunguka dereva na kumpa ushauri.

Mama mmoja mzee aliyeketi mbele yangu aliona nimehangaika. Akanieleza polepole, kwa mikono: mti umeanguka juu ya reli, wanaukata. Kiingereza changu ni cha darasa la saba na chake kilikuwa cha kwao, lakini mti ulioanguka ni mti ulioanguka. Akafungua kopo akanipa biskuti za siagi. Nami sikutaka kula cha mtu bila kurudisha, basi nikatoa nduma nikampa.

Aliigeuza. Akainusa. Akaniuliza kama ni sabuni.

Nikamega yangu, nikala, ili aone. Naye akaing'ata pamoja na ganda. Sikuweza kumwacha apate aibu peke yake, kwa hiyo na mimi nikala ganda. Tulitafuna hivyo tukitazamana mpaka treni ikaondoka. Nilipomwambia ninakwenda kwenye kaburi la mtoto wangu, aliweka mkono kifuani akageukia dirishani. Alipofika kituo chake aliniachia kopo lote la biskuti.

Mkwe

Ewan alikuwa amesimama kituoni kwenye mvua bila mwavuli. Ni mrefu, ana ndevu nyekundu, na ni dereva wa basi la shule. Nilikuwa nimejiandaa kumpa mkono. Yeye akanikumbatia. Mnajua kwetu mkwe hamkumbatii baba mkwe, hata hapiti karibu naye ovyo. Nilisimama kama mlingoti mpaka akaniachia.

Kisha akainamisha kichwa kwa heshima kubwa akasema, "Niaje, Baba."

Nikamtazama.

"Shiru alinifundisha," akasema kwa Kiswahili cha kuchonga. "Alisema hii ndio salamu ya wazee."

Hiyo ni salamu ya vijana wa vijiweni, na niliuona mkono wa binti yangu. Alikuwa na utani huo tangu utotoni. Alikuwa akimfundisha mtu kosa, halafu anangoja siku lijitokeze mbele ya watu. Safari hii lilijitokeza yeye hayupo. Sikumsahihisha.

"Poa," nikajibu. Sijawahi kumwambia mtu poa maishani mwangu.

Jioni alinipikia ugali. Ulikuwa umekaribia kuwa uji, na kando yake nyama ya kusaga na viazi vilivyopondwa. Alinitazama nikila kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Aliniambia Shiru alikuwa akimcheka kwa ugali huo. Nikaumaliza wote nikaomba tena kidogo.

Msituni

Tulikuwa tumepita kaburini kabla ya chakula, tukitoka kituoni, kwa sababu nilikataa kwenda nyumbani kwanza. Ni msitu mdogo tu. Ukisimama upande huu unaona mwanga wa shamba la upande wa pili. Miti yake haifanani. Ipo misonobari mirefu yenye gome jekundu kule juu, mialoni minene iliyopinda, na mingine myembamba ya gome jeupe linalobanduka kama karatasi. Chini kuna kijito, na mawe yamefunikwa na kitu cha kijani laini kama zulia. Ewan alisema Shiru alikuwa akija hapa akitoka zamu ya usiku, anaketi tu, kisha ndipo anakwenda kulala.

Mvua ilikuwa inanyesha na giza linaingia. Tulisimama mahali fulani. Nilikuwa natafuta kaburi kwa macho, na kumbe nilikuwa nimesimama kando yake. Hapakuwa na tuta. Hapakuwa na msalaba wala sementi. Kulikuwa na kibao kidogo kilicholala chini chenye jina lake, majani yaliyooza, na magugu yaliyomea juu ya binti yangu kama mahali ambapo hapana mtu.

"Unaona?" Ewan akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Naona," nikasema.

Niliomba Baba Yetu kwa Kikuyu. Moyoni nilisema, Mama Shiru, ulisema kweli.

Asubuhi ya kulima

Asubuhi Ewan alikwenda na basi lake kupeleka watoto shule. Alisema angerudi kabla ya chakula cha mchana. Nilivaa koti la babake Bhavesh, nikachukua kijembe changu, ufagio wake wa uani na lile kopo la biskuti, nikatembea hadi msituni. Mvua ilikuwa imekata.

Nilipiga magoti nikaanza. Wale mnaonijua mnajua kwamba nikishika jembe sisimami. Niling'oa kila kitu. Kulikuwa na majani mapana yenye mikunjo na vijiua vya njano hafifu katikati. Nikang'oa. Hata magugu yetu hutoa maua, na mkulima akianza kuyahurumia atalala njaa. Nikatoa mizizi yote. Nikafagia majani yaliyooza. Nikachimba pembeni nikainua tuta, nikalipigapiga kwa mikono mpaka likawa na mabega sawa, kama tunavyofanya. Nikateremka kijitoni nikaleta mawe, nikayapanga kulizunguka. Kindege chenye kifua chekundu kilikuwa kinanifuata kikiokota minyoo karibu kabisa na mkono wangu, hakiogopi, na nilianza kuzungumza nacho. Nilimwambia Shiru pia mambo ya nyumbani. Nilimwambia mama yake anaumwa magoti ndiyo maana sikuja naye.

Nilipomaliza nilirudi nyuma nikalitazama. Lilikuwa kaburi. Ungelipeleka Uthiru, hakuna ambaye angeuliza ni la nani, wangejua lina wenyewe. Tangu mazishi yale ya kwenye simu sikuwa nimejisikia baba yake kama saa ile.

Ewan akaja. Alisimama mbali kidogo, kisha akakaribia, kisha akaketi chini kwenye majani yenye maji, mtu mzima, akafunika uso kwa mikono. Alilia kwa sauti. Nilifikiri analia kwa shukrani, basi nikamgusa bega nikamwambia, "Pole. Sasa pako sawa."

"Baba," akasema, "umeng'oa maua."

Sikuelewa. Akanieleza, mara kwa Kiswahili cha Shiru, mara kwa Kiingereza cha polepole. Ile mimea ilikuwa ya nyuma ya nyumba yao. Walikuwa wameipanda wawili, na Shiru akiwa hospitali alimwomba aihamishie hapa. Aliihamisha baada ya mazishi, kabla ya baridi.

"Nimengoja winter yote," akasema. "Yalifungua wiki iliyopita. Jana nilikuuliza kama unaona. Ukasema unaona."

"Nilidhani waniuliza kama naliona kaburi."

Kisha nikamwambia ukweli wa kwetu, kwa sababu sikuwa na mwingine. "Kwetu kaburi lenye majani ni la mtu asiye na wenyewe. Nilipoona jana niliona aibu. Nilifikiri mmemwacha."

Ewan alilitazama lile tuta langu kwa muda.

"Huku udongo mtupu ni kaburi la siku ya kwanza," akasema. "Nimefika hapa nikaona ni kama tumemzika leo asubuhi."

Maneno hayo yalinipiga, na bado yananipiga. Nilikuwa nimemzika binti yangu mara ya pili. Tena alikuwa mke wa mtu, na mimi nilikuja na jembe kama anayeingia shamba lake mwenyewe.

Sikuomba msamaha kwa maneno mengi. Nilivua koti. Ile mimea nilikuwa nimeirundika chini ya mwaloni. Nikaigeuza mmoja mmoja. Mizizi ilikuwa bado na unyevu, na jua la huko si la kuua mmea. Nikamwambia, "Haijafa. Itashika. Nionyeshe kila mmoja ulikuwa wapi."

"Baba, acha, nitafanya mimi."

"Hapana. Wewe onyesha tu."

Nikarudisha mawe kijitoni, maana aliniambia wenye msitu hawaruhusu mawe. Nikalisawazisha tuta lililonipendeza. Nikapanda upya, yeye akinyoosha kidole, mimi nikichimba. Maji tulichota kwa lile kopo la biskuti. Majani yaliyooza nikayarudisha juu, nikiyatandika kwa mikono, jambo ambalo sikuwahi kudhani nitalifanya kwenye kaburi la mtu. Ewan aliingia kwenye matope kunisaidia kushikilia mimea isimame. Mahali pamoja tulibishana.

"Huu ulikuwa hapa," akasema.

"Hapa mizizi ya mti itaunyonya. Sogeza."

"Shiru alisema wewe ni mbishi."

"Na yeye alimrithi nani?"

Akacheka na makamasi yake. Tukausogeza.

Mwisho nikamwomba kitu kimoja. Upande wa kichwani niache mahali padogo pasafi, pa kuweka magoti mawili. Alikubali. Akasema atapapalilia mwenyewe kila Jumapili, lakini nimwonyeshe tunavyoshika kijembe. Nikamwonyesha. Anakishika vibaya, lakini nilimwachia.

Uthiru

Mama Shiru hakuniuliza kitu mbele ya watoto wa jirani waliokuja kunilaki. Alingoja waende. Akazima televisheni, akaketi kwenye kiti kisicho na mto, kile anachokalia wakati wa mambo mazito.

"Niambie."

Nikamwambia yote. Nilimwambia ni msitu kweli. Nilimwambia hakuna msalaba na hakutakuwa na msalaba, na kwamba siku ya kwanza nilipofika nilikubaliana na yeye. Nikamwambia nilivyolima na nilichong'oa. Hapo akashika kinywa.

"Uliyang'oa? Maua ya mtoto?"

"Niliyang'oa yote."

"Na yule akasema nini?"

"Aliketi kwenye matope akalia kama mtoto."

Nje mtu alikuwa anaosha gari, na maji yalikuwa yanapita kwenye mfereji wetu.

"Uliniambia nikwambie kama ametupwa," nikasema. "Mama Shiru, mtu aliyetupwa ukiharibu mahali pake hakuna anayelia. Hajatupwa."

Aliinuka akaenda jikoni, na nikamsikia akipanga sufuria ambazo zilikuwa zimepangwa. Baadaye akarudi akaniambia nimpigie simu, aulize kama ile mimea imeshika. Ewan akasema mitatu imekufa, mingine imesimama. Mama Shiru akamwambia atoe iliyokufa upesi, asiache pengo, na avae kitu kichwani maana anasikia mafua katika sauti yake.

Sitawadanganya kwamba sasa ana amani. Kuna siku bado anageuza picha ya Shiru ikatazama ukuta, na siku nyingine anaigeuza tena. Lakini Jumapili iliyopita, baada ya misa, yule mama mgeni kutoka Kinoo alimuuliza kwa upole binti yetu amezikwa wapi. Nilikuwa nyuma yao nimebeba mwavuli, na nikasimama, kwa sababu mwaka mzima swali hilo limekuwa likimfanya aondoke bila kuaga.

"Kwa bwanake," akasema. "Si ndiko mwanamke huzikwa?"

Kisha akanigeukia akaniuliza kwa nini nimesimama njiani kama kizuizi cha polisi, tuende nyumbani, mvua inakuja.